Mtoto Aliyepona kwa Kukonda

Siku mliyoniaga, kabla keki haijakatwa, mmoja wenu aliniuliza ni chakula gani nimekiheshimu kuliko vyote katika miaka yangu ya jikoni. Nadhani alitarajia niseme nyama, au njahi, zile kunde nyeusi za kwetu, au ule wali wa Krismasi mnaousifu hata mwezi wa Machi. Nikasema maji. Mkacheka, nami nikacheka nanyi, kwa kuwa muziki ulikuwa umeanza, na habari ya maji haielezeki muziki ukipigwa. Sasa niko nyumbani. Hakuna sufuria ya wodi nzima inayoningoja, na ninaweza kueleza polepole.

Ninawaandikia ninyi mnaobaki katika jiko la hospitali yetu hapa Meru, na hasa yeyote atakayekabidhiwa kile chumba kidogo cha pembeni tunachokiita jiko la maziwa, ambako hutengenezwa maziwa ya watoto waliodhoofika. Habari za vyeo na mishahara mtazipata kwa wengine. Mimi nilikaa kazini kwa sababu ya mambo niliyoyaona kwa macho, na mpaka leo baadhi yake sijayazoea.

Nilianza kupika kabla ya kuajiriwa. Baba alitutoka nikiwa darasa la saba, na mama hakukawia kumfuata. Mimi ndiye kifungua mimba. Nyuma yangu walikuwa wadogo wanne, na wa mwisho alikuwa bado anabebwa mgongoni. Nikaacha shule. Nyumbani kwetu ni Kibirichia, juu huko kwenye baridi na viazi, na nilikuwa ndio kwanza nimetoka kutahiriwa. Kwa mila yetu, kijana akishatahiriwa haketi tena kwenye meko ya mama yake wala hafunui sufuria kuona kilichomo. Lakini mama hakuwapo, na wale wanne walikuwa wameyazunguka meko wakiyatazama kama yatajipikia yenyewe.

Baba mdogo alisikia habari akaja. Alisimama nje ya mlango wa jiko, kwa sababu yeye hangeingia.

"Kirimi, naona moshi unatoka na wewe uko ndani."

"Ni kweli, baba mdogo."

"Siku hizi wanaume wanapika?"

"Wanaume hawapiki. Lakini watoto wanakula."

Alikohoa kwa ajili ya moshi, kisha akauliza kama chai imebaki. Nilimpitishia kikombe mlangoni. Rika langu waliniita Mama Watoto kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda, ila baba mdogo hakulizungumza jambo hilo tena. Chai ile ilikuwa nzuri.

Wadogo walipofika umri wa kujipikia, nilishuka mjini kutafuta kazi, na jiko la hospitali likanichukua. Mkuu wa jiko alikuwa Mama Wawira, mwanamke mfupi wa Manyatta, kule Embu, aliyekuwa na sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya bonde. Siku yangu ya kwanza alinitazama mikono kabla ya kunitazama uso.

"Unajua kupika nini, mwanangu?"

"Viazi."

"Na kingine?"

"Viazi na maharagwe."

"Nyinyi watu wa Kibirichia," akasema, "mkifika mbinguni mtauliza kwanza shamba la viazi liko upande gani."

"Na nyinyi wa Embu?"

"Sisi tutakuwa tumeshafika, tumepika, tunawangoja mje mnawe mikono." Akanipa sufuria kubwa kuliko yote. "Leo hupiki kitu. Leo unachemsha maji."

Nikachemsha maji mchana kutwa. Nilichemsha, nikafunika, nikangoja yapoe, nikamimina kwenye mitungi safi yenye mifuniko, nikaanza tena. Jioni nilikuwa na hasira. Nilikuwa nimelea watoto wanne kwa mikono ile, na sasa mtu ananifundisha kuchemsha maji. Mama Wawira aliiona hasira hiyo na hakuijali. Alisema tu kwamba kila kitu nitakachopika humu kitapita kwanza kwenye maji, kwa hiyo afadhali tujuane na maji mapema.

Mengi niliyoyajua baadaye yalitoka kwake. Hakuwa na maneno ya kitabuni, lakini alishika sana yale aliyofundishwa na maafisa wa lishe waliopita pale, akayageuza kuwa mazoea ya mkono. Kwa kila sahani iliyotoka alitaka aone kitu cha kutia nguvu, kama ugali, nduma au kiazi; kitu cha kujenga mwili, kama maharagwe, kunde, yai au maziwa; na kitu cha kukinga, yaani mboga na matunda. Mafuta aliyaweka kidogo kwa kijiko, hakumimina. Sahani ikitoka ya rangi moja aliirudisha. "Hii sahani ni ya uongo," angesema. "Inajaza tumbo na kumwacha mwenye tumbo." Mchicha wa terere haukuruhusiwa kukaa motoni mpaka ugeuke rangi ya nguo kuukuu, na maji ya kuuchemshia hayakumwagwa. Aliyanywa yeye mwenyewe akisimama, kwa kikombe cha bati, kama wengine wanavyokunywa chai. Alikuwa na mwiko mmoja wa mti wa muringa, umelika upande mmoja kwa kukwaruza masufuria, na alipostaafu hakuniachia. Alisema mwiko hauachwi, mtu anatafuta wake.

Wagonjwa wa kawaida walikuwa na vichekesho vyao. Namkumbuka dereva mmoja wa magari ya miraa kutoka Maua, Mwislamu mpole mwenye shukrani nyingi, aliyelazwa kwa mawe ya figo. Bwana yule alilalamika kwamba daktari amemwambia hanywi vya kutosha.

"Mimi kutwa nakunywa," akaniambia nilipompelekea uji.

"Unakunywa nini, bwana?"

"Soda. Chai ya tangawizi. Soda tena."

"Na maji?"

"Maji si ni ya rejeta." Kisha akajisikia alivyosema, akatazama dari. "Kumbe gari nimelitunza kuliko mimi."

Alipopona alikuwa akipita getini na chupa ya maji, ananionyesha kwa mbali kama mtu anayeonyesha leseni.

Lakini siku niliyoanza kuyaheshimu maji ilikuwa nyingine. Aliletwa mtoto anayehara, mwaka mmoja hivi, macho yameingia ndani na midomo imepasuka. Mama yake alikuwa mwanamke mwangalifu, na mtoto alikuwa msafi. Alikuwa amemnyima maji tangu tumbo lilipoanza, maana kwao, na hata kwetu, watu wazima walisema kwamba anayehara ukimpa maji unaongeza moto kuni. Nesi aliifinya ngozi ya tumbo la mtoto kwa vidole viwili akaiachia. Ngozi haikurudi. Ilibaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa. Sikuwa nimewahi kuona ngozi ya mtu ikisahau kazi yake.

Mama Wawira alinipa jagi la maji yaliyopoa, nesi akakoroga ndani yake unga wa chumvi na sukari wa pakiti, nami nikaambiwa nimshikie yule mama kikombe. Kijiko kidogo, pumziko, kijiko kidogo. Alipotapika tulingoja kidogo, tukaanza upya. Hakukuwa na kingine: maji safi, chumvi kidogo, sukari kidogo. Mchana ulipoinama yale macho yalianza kupanda. Siwezi kulieleza kwa namna nyingine. Yalikuwa yamezama, nayo yakapanda, na mtoto akamtafuta mama yake kwa macho hayo. Kisha akalowesha leso ya mama, na nesi akatangaza wodi nzima, "Amekojoa," na wanawake wakashangilia. Nilirudi jikoni nikamwambia Mama Wawira kwamba nimeona watu wakifurahia mkojo. Akasema, "Sasa umeajiriwa."

Aliporudi kwao Manyatta kupumzika, mimi ndiye niliyebaki na jiko la maziwa. Vifaa vyake mnavijua: mizani ndogo, majagi yenye alama, kipigio cha kukoroga, vikombe vyenye mifuniko, na birika la maji yaliyochemshwa. Zamani tulichanganya wenyewe maziwa ya unga, sukari na mafuta. Baadaye yakaja yamechanganywa tayari kwenye pakiti, na kazi ikabaki ya kupima maji na kutoyaharibu. Afisa wa lishe wa miaka yangu ya mwisho alikuwa Bi. Nkatha, binti mdogo kuliko mtoto wangu wa kwanza, na sina budi kusema kwamba nilijifunza kwake kama nilivyojifunza kwa Mama Wawira. Yeye ndiye aliyenieleza kwa nini mtoto aliyedhoofika sana hapewi kushiba siku za kwanza.

"Mzee Kirimi, moto wa jiko ukibaki kaa moja, unafanya nini?"

"Naweka majani makavu. Napuliza."

"Huweki gogo?"

"Gogo litauzima."

"Basi mwili wake ni hivyo. Moyo umenywea, ini limechoka, tumbo limesahau. Ukimpa nyama na mayai leo kwa huruma, utamuua kwa huruma. Hata maji tunampa kwa kipimo."

Nilikuwa nimewasha moto tangu utotoni na sikuwahi kufikiri kwamba ndani ya mtoto kuna meko ya namna hiyo, yanayoweza kuzimwa na wema. Kwa siku kadhaa nilipika nikiwaza hilo tu.

Ndipo akaja Kaimenyi.

Alikuwa mtoto wa miaka miwili hivi, wa kutoka kwetu Kibirichia, na aliletwa na nyanya yake, Nyanya Tabitha. Mama yake alikuwa amejifungua mwingine, na kama ilivyo kawaida, yule mkubwa akaachishwa ziwa na kupelekwa kwa nyanya. Alikuwa amepewa jina la babu yake marehemu, mume wa Nyanya Tabitha. Kwa hiyo hakumwita mjukuu. Alimwita mume wangu. Kwetu ni utani wa kila siku, na yeye aliutumia bila kupumzika.

"Mume wangu anawashwa na miguu," alimwambia nesi. "Nipe mafuta ya kumpaka, nirudi kabla ya mvua."

Ngozi ya miguu ilikuwa inabambuka kama maganda ya kiazi kilichochemshwa. Nywele zilikuwa zimepauka, laini, za rangi ya mahindi machanga. Lakini mashavu yalikuwa yamejaa na mikono minene, na wanawake wa vitanda vya jirani walimsifu kwamba ana afya. Na alikuwa mtulivu ajabu. Alikaa pale alipowekwa. Hakulia alipochomwa sindano. Alitazama tu ukutani.

Bi. Nkatha alikibonyeza kiguu chake kwa kidole gumba, akahesabu kimya, akaondoa. Shimo la kidole likabaki pale.

"Nyanya, huyu hajanenepa. Haya ni maji, yamekaa chini ya ngozi. Mtoto ana utapiamlo mkali. Lazima alazwe."

Nyanya Tabitha alivuta leso yake taratibu. "Msichana, unasema mimi nimemnyima mume wangu chakula?"

"Sijasema hivyo, nyanya."

"Njoo kwangu uone ghala. Viazi vimejaa mpaka mlangoni. Anakula asubuhi, anakula mchana, anakula jioni. Nampondea kwa mkono wangu. Hajawahi kulala njaa hata siku moja." Na hayo yote yalikuwa kweli.

Alikubali mtoto alazwe kwa ajili ya ile ngozi tu. Mimi nilipeleka kikombe cha kwanza mwenyewe, kwa kuwa nesi alinieleza kwamba nyanya huyo hazungumzi na mtu wa koti jeupe. Alikitazama kikombe, akanitazama mimi.

"Hiki ni cha paka?"

"Ni cha Kaimenyi, nyanya."

"Kaimenyi alikuwa anamaliza sufuria. Na wewe ni nani, mwanamume mzima na kikombe?"

"Mimi ni Kirimi, wa jikoni. Kwetu ni Kibirichia."

"Nyumba ya nani?"

Nikamtajia. Aliwajua wazee wangu. Alijua hata walivyokufa. "Kumbe ni wewe uliyeingia jikoni," akasema, na tangu hapo aliniruhusu nishike kikombe. Mtoto alimeza bila hamu, kama mtu anayefanyiwa jambo. Kwenye kikapu cha nyanya nilinusa viazi vya kuchemshwa. Nilimwomba anipe nikamtunzie jikoni, naye akanipa huku akisema nisivile.

Siku zikapita, maziwa yakaenda kwa kipimo chake, kikombe kidogo baada ya kikombe kidogo, usiku na mchana kwa zamu. Mtoto alilazwa akiwa amefunikwa vizuri, maana wa namna hiyo hupoa upesi. Na kisha likatokea jambo ambalo Bi. Nkatha alilitarajia na Nyanya Tabitha hakulitarajia kabisa: Kaimenyi akaanza kukonda. Maji yalianza kumtoka. Miguu ikapungua kwanza, kisha mikono, kisha tumbo. Mbavu zikaanza kuonekana. Kila asubuhi alipowekwa kwenye mizani alikuwa mwepesi kuliko jana, na manesi wakaandika wakitabasamu.

Jiwekeni mahali pa nyanya huyo. Alikuja na mtoto mnene. Hospitali imemnyang'anya viazi, inampa kikombe cha paka, mtoto anayeyuka mbele ya macho yake, na watu wenye elimu wanamwambia, "Vizuri sana, nyanya, anaendelea vizuri." Mimi nisingevumilia hata alivyovumilia. Jirani wa kitanda cha pili naye akamnong'oneza kwamba hapa watoto hukaushwa. Siku hiyo hiyo Nyanya Tabitha akaazima simu na kumpigia mwanawe, baba wa mtoto, aliyekuwa akipeleka viazi sokoni kwa pikapu. Aje kesho asubuhi awachukue.

Bi. Nkatha alikuja jiko la maziwa, akafunga mlango. Sikuwa nimemwona akifunga mlango kabla.

"Mzee, akitoka kesho na kurudi kwenye viazi peke yake, sidhani atafika mwisho wa mwezi. Nimemweleza, daktari amemweleza. Anasema tumemaliza kumla mume wake, anataka abaki na mifupa ya kuzika. Nenda wewe."

"Nitamwambia nini ambacho hamkumwambia?"

"Sijui. Nenda tu."

Nilienda alasiri, nikaketi kwenye kibao karibu na kitanda. Sikuanza na mtoto. Nilimuuliza habari za ng'ombe. Alikuwa na watatu wa kukamuliwa, wazuri, na alipowataja sauti yake ilipata nguvu.

"Na maziwa?"

"Yanaenda. Gari la maziwa linapita asubuhi, linapita jioni. Linapiga honi, unakimbia na mkebe."

"Mayai?"

"Ya soko. Nani anakula mayai?"

"Nyanya, wewe ulilea watoto saba hapo hapo, na viazi hivyo hivyo. Hawakuvimba."

"Ndiyo maana nakwambia viazi havina makosa."

"Havina. Kiazi ni chakula kizuri, kimenilea na mimi. Lakini wale saba walikunywa nini?"

 Niliona akirudi nyuma, mpaka kwenye nyumba ile ya zamani, kabla gari la maziwa halijajua njia ya Kibirichia. "Kulikuwa na kibuyu," akasema. "Maziwa ya kibuyu hayakuisha. Na njahi zilikuwa kwa ua. Sasa pale ni viazi mpaka ukutani." Alijipangusa mikono kwenye leso. "Lakini hayo ni maneno, Kirimi. Mimi naona kwa macho. Nilileta mtoto, naona mifupa. Kesho tunaenda."

"Sawa, nyanya."

"Usiniambie sawa kama mtu anayenionea huruma."

"Sikuonei huruma. Nitakuletea maji ya moto asubuhi umwogeshe kabla hamjaondoka."

Sikuwa na mbinu niliyoificha. Nilikuwa nimeishiwa maneno, na maji ya moto ndiyo kitu pekee nilichojua kutoa.

Asubuhi nilipeleka beseni. Kulikuwa kumekucha vizuri, jua la Meru lile safi la baada ya mvua linaingia dirishani, likiangukia kitanda. Nyanya Tabitha alikuwa amekwisha funga vitu vyake. Alimkalisha mtoto kwenye mwanga, akachovya kitambaa, akaanza kumpangusa uso: paji, mashavu, kidevu. Uvimbe wa uso ulikuwa umemalizika usiku ule. Akapangusa mara moja. Akarudia. Kisha mkono ukasimama na kitambaa kikaanza kudondosha maji sakafuni, na yeye hakukiona.

"Kirimi. Hebu njoo hapa."

Nikasogea.

"Huyu ni nani?"

Nilidhani amechanganyikiwa. "Ni Kaimenyi, nyanya."

"Ndiyo. Huyu ni Kaimenyi." Alimshika mtoto kidevu, akamgeuza upande mmoja, kisha upande wa pili. Mtoto alikuwa na mfupa wa shavu uliosimama juu, na kidevu chenye mfereji katikati, na nyusi zilizokaribia kukutana. Sikuwa nimeona hata kimoja cha vitu hivyo tangu aingie. "Tazama hiki kidevu. Tazama haya macho. Hivi ndivyo alivyokuwa akinitazama nikichelewesha chakula. Mimi nililala na uso huu miaka yote hiyo, na ukaja nyumbani kwangu nikaukosa." Alikiweka kitambaa kando. "Sasa yule mwingine niliyekuja naye alikuwa nani?"

 Nilikuwa nikitazama nilichokuwa nimekipika bila kujua. Miaka mingi nilikuwa nimepima maji na maziwa nikidhani ninaweka kitu ndani ya watoto. Kumbe mtoto alikuwamo humo ndani wakati wote, mzima, na kidevu cha babu yake, akingoja yale maji yaondoke. Bi. Nkatha alinieleza baadaye, kwa upole, kwamba sababu za uvimbe ule ni nyingi na wasomi bado wanabishana juu yake. Nafurahi wanabishana. Ni jambo la kubishaniwa.

Honi ikapigwa nje. Baba wa mtoto aliingia na matope kwenye viatu, mtu mwenye haraka, gari likiunguruma uani.

"Mama, twende. Nimeegesha vibaya."

"Basi nenda ukaegeshe vizuri."

"Si ulisema tunaondoka?"

"Nilisema nikiwa sijaonana na baba yako." Alikuwa ameanza kufungua kile kifurushi chake, akitoa leso moja moja. "Rudi na viazi vyako sokoni. Na jioni gari la maziwa likipiga honi, yule ng'ombe mwekundu usimkamulie mkebe. Huyo ana mwenyewe."

Kijana alimtazama mama yake, akamtazama mtoto, na kwa mara ya kwanza akamtazama mtoto kweli. Sijui aliona nini. Alivua kofia.

Ninyi mtakaopokea majagi yale, watakuja wengine kama nyanya huyo, na watakuwa na haki ya kuwashangaa. Msiwacheke wala msiwakaripie. Waulizeni maziwa yanakwenda wapi, na mayai, na nani alilima njahi zamani na kwa nini aliacha. Kisha nendeni mkapime maji.

Siku chache baada ya hapo, katikati ya asubuhi, nilikuwa nikiosha vikombe niliposikia mtoto akilia wodini. Kilio hicho hakikuwa cha maumivu. Kilikuwa cha hasira, cha mtu aliyedhulumiwa, na sikukijua. Nilikwenda na mikono yenye povu. Kaimenyi alikuwa amesimama kitandani kwa miguu yake miwili myembamba, ameshika chuma cha kitanda kwa mkono mmoja, na kwa mwingine anaonyesha mlango wa jiko langu. Ilikuwa bado kabla ya wakati wa kikombe. Manesi wawili walikuwa wamesimama na dawa zao mikononi, hawasogei, wanamsikiliza kama watu walio kanisani. Nesi mgeni, aliyehamishwa majuzi na ambaye hakujua kwamba mtoto huyo hatukuwa tumemsikia akilia, alikuja mbio kumbembeleza anyamaze.

Nyanya Tabitha alinyoosha mkono akamzuia.

"Mwache alie," akasema. "Mume wangu anaagiza chakula."